Nairobi Hadi London: Maili za Ramani na Saa za Safari

Mtu akiuliza London ni mbali kiasi gani kutoka Nairobi, yako majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli. Jibu la kwanza ni la ramani: maili 4,250 hivi, yaani karibu kilomita 6,840, kwa njia iliyonyoka kama ndege wa angani aendavyo. Jibu la pili ni la saa. Lile la kwanza halikubadilika tangu miji hiyo miwili ilipojengwa. Hili la pili limebadilika mara nyingi katika maisha ya mtu mmoja, hata mzee aliyezaliwa mwaka 1930, wakati safari hiyo ilipokuwa ya majuma, leo humwona mjukuu wake akila chakula cha jioni nyumbani Nairobi na kunywa chai ya asubuhi London.

Habari hii haiwahusu wenye tikiti peke yao. Yamhusu mama aliye na mtoto masomoni ng'ambo, na kibarua akataye maua Naivasha, na kila mtu ambaye siku moja huenda akapokea habari ya msiba kutoka mbali.

SIKU ZA MELI

Kabla ya eropleni, msafiri alipanda gari la moshi Nairobi akateremka Mombasa, na huko akangoja meli. Meli ilipita Bahari ya Sham, ikaingia Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, ikavuka bahari ya Mediterania, kisha ikazunguka Gibraltar kuelekea kaskazini. Safari yote ilichukua majuma matatu au zaidi, na barua zilikwenda kwa mwendo uo huo.

Maana ya jambo hilo yaonekana zaidi katika misiba. Barua ya kumwarifu kijana aliyeko Uingereza kwamba baba yake amefariki ilimfikia matanga yamekwisha kuanuliwa. Akijibu siku ile ile, jibu lake lilifika nyumbani arobaini imekwisha pita. Simu ya maandishi ilikuwapo, iliyopita kwa waya chini ya bahari, lakini bei yake ilihesabiwa kwa kila neno, na watu wengi hawakuimudu. Hata yule aliyepata habari mapema hakuwa na njia ya kuwahi. Alilia peke yake chumbani, akaenda kazini.

MAENEO YA KUTUA

Mabadiliko yalianza mwaka 1931. Tarehe 28 Februari mwaka huo, ndege ya kampuni ya Imperial Airways iliondoka Croydon, karibu na London, kufungua njia ya Afrika ya Mashariki iliyoishia Mwanza. Abiria waliweza kupanda mpaka Khartoum tu. Kutoka hapo kwenda mbele zilichukuliwa barua. Tarehe 20 Januari 1932 njia hiyo ilirefushwa mpaka Cape Town, na Nairobi ikawa kituo kimoja wapo. Nairobi yenyewe ilikuwa na kampuni yake ya ndege, Wilson Airways, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson.

Ndege za siku zile zilikwenda karibu maili 100 kwa saa moja. Mwenye kupenda hesabu ataona kwamba maili 4,250 zingekwisha kwa saa 42 au 43, yaani chini ya siku mbili. Lakini safari ilichukua zaidi ya juma moja. Kwa nini? Kwa sababu ndege haikuweza kubeba mafuta ya kutosha safari ndefu, ikabidi itue mara kwa mara. Tena rubani hakuruka usiku. Jua likizama, abiria walilala katika nyumba za wageni. Kwa miaka kadhaa walishuka ndege Paris, wakapanda gari la moshi mpaka Brindisi, Italia, ndipo wakaingia ndege tena. Aliyesema "nimekwenda kwa ndege" alikuwa amekwenda pia kwa gari la moshi, kwa motakaa na kwa miguu.

Mwaka 1937 zilikuja ndege kubwa za maji, zenye matumbo kama mashua, ambazo hazikuhitaji uwanja. Zilitoka Southampton, zikafuata mto Nile, zikatua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, kisha zikaendelea mpaka Durban. Abiria wa Nairobi alipelekwa Kisumu kwa ndege ndogo kuziwahi. Katika mwaka uo huo barua zilianza kuchukuliwa na ndege hizo kwa stempu ya peni moja na nusu tu, bila malipo ya ziada ya anga. Jambo hilo liliwafaa watu wengi kuliko ndege yenyewe, maana wenye kuandika barua ni wengi kuliko wenye kununua tikiti. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege za maji za BOAC zilitua katika Ziwa Naivasha, hata mwaka 1950 zilipoachwa.

USIKU MMOJA WA MWAKA 1952

Mfano unaokumbukwa sana wa safari hii ni ule wa Februari 1952. Binti Mfalme Elizabeth aliondoka London tarehe 31 Januari akafika uwanja wa Eastleigh, Nairobi, kesho yake. Tarehe 6 Februari baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki Uingereza. Habari ilimfikia binti huyo Sagana mchana wa siku ile ile. Jioni alipanda ndege Nanyuki mpaka Entebbe, akacheleweshwa hapo na dhoruba, kisha akaruka usiku kucha, akatua El Adem nchini Libya kupata mafuta, na alasiri ya tarehe 7 alikuwa London.

Miaka ishirini na tano nyuma, hata mtoto wa mfalme angalipata shida kubwa kumwahi baba yake kabla ya kuzikwa. Lakini hapana budi kusema ukweli wote: mwaka 1952 aliyeweza jambo hilo alikuwa mtoto wa mfalme na watu wachache wenye mali. Mwanafunzi Mwafrika aliyekuwa Uingereza mwaka huo, akipokea habari kama ile, alibaki alipo.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Comet iliondoka London ikiwa ya kwanza duniani kuchukua abiria wa kulipa kwa injini za jeti. Ilipita Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kwa muda usiotimia saa 24. Watu walishangilia, lakini furaha haikudumu. Mwaka 1954 Comet mbili zilivunjika angani, moja mwezi wa Januari karibu na kisiwa cha Elba, ya pili mwezi wa Aprili karibu na Naples, na wote waliokuwamo walikufa. Mafundi wa Farnborough walichukua Comet nyingine wakaizamisha katika tangi la maji, wakaijaza na kuipunguza nguvu ya maji ndani yake mara maelfu, kama vile ndege ipandavyo na kushuka, mpaka bati lake likapasuka. Ndipo ilipojulikana kwamba bati la ndege hizo lilikuwa limechoka. Ndege zote zilizofuata zilitengenezwa kwa kulifahamu fundisho hilo, nalo lilinunuliwa kwa roho za watu.

Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958. Msafiri apitaye hapo, ambapo tangu mwaka 1978 paitwa uwanja wa Jomo Kenyatta, yafaa akumbuke kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mikono ilifanywa na watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, ambao hawakuwa na tumaini la kupanda ndege yoyote. Mwaka 1960 shirika la East African Airways, lililoundwa mwaka 1946 na nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, lilipata Comet zake za namna mpya. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, na Kenya Airways ikazaliwa mwaka huo huo.

KWA NINI SAA 9?

Siku hizi safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda London huchukua kadiri ya saa 9, na ya kurudi saa 8 na nusu. Ndege hizo zaweza kwenda karibu kilomita 900 kwa saa moja. Basi, mtoto wa shule akigawanya 6,840 kwa 900 atapata saa 7 na dakika 36. Saa ile moja na zaidi imekwenda wapi?

Kwanza, ndege haianzi kwa mwendo huo. Yatembea uwanjani kama motakaa, yangoja zamu, kisha yapanda kwa muda wa nusu saa hivi mpaka kimo cha futi 35,000 au zaidi. Inapokaribia London yapunguza mwendo, na mara nyingi huzungushwa angani ikingoja zamu ya kutua, maana uwanja wa Heathrow hauna nafasi ya kupoteza. Pili, njia za angani hazikunyoka kama uzi. Zina pembe zake, kama barabara zilivyo. Tatu, ziko pepo. Huko juu upande wa Ulaya pepo kali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege itokayo London kuja Nairobi huelekea kusini-mashariki, nazo humsukuma rubani kidogo. Akirudi humkabili usoni. Ndiyo sababu ya tofauti ya kwenda na kurudi, ijapokuwa maili ni zile zile.

Mwenye kutaka kuona ubishi wa ramani na achukue tufe la shule na uzi. Akiuvuta uzi kutoka Nairobi hadi London, utapita juu ya Sudan Kusini, Sudan, Libya na Italia, karibu sawa na mstari wa ramani ya ukutani. Sasa auvute kutoka Nairobi hadi New York. Rula juu ya ramani ya ukutani hupita nchi za Afrika ya Magharibi; uzi juu ya tufe hupanda mpaka jangwa la Algeria na nchi ya Morocco, ndipo ukavuka Atlantiki. Uzi ndio usemao kweli. Dunia ni duara, na karatasi haiwezi kuitandaza bila kuivuta huku na huku.

Safari hiyo ya New York ni kilomita 11,800 na kitu. Wanafunzi 81 waliopelekwa Marekani mwezi wa Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na wenziwe, hawakuwa na ndege ya kuwafikisha bila kutua njiani. Ndege ya kwanza ya Kenya Airways iliyokwenda New York moja kwa moja iliondoka Nairobi tarehe 28 Oktoba 2018, safari ya saa 15 hivi.

SAA ZA UKUTANI

Hapa ndipo wengi hupotea. Dunia hujizungusha digrii 15 kila saa moja, na Nairobi iko digrii 37 mashariki ya London. Kwa hiyo jua huipambazukia Nairobi mapema, na saa za Kenya zatangulia za London kwa saa 3 wakati wa baridi ya Ulaya. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza husogeza saa zao mbele, na tofauti ikawa saa 2.

Tuseme ndege yaondoka Nairobi saa 5:50 usiku mwezi wa Januari, nayo yaruka saa 9. Itatua saa 2:50 asubuhi kwa saa ya Nairobi. Lakini saa ya ukutani London itaonyesha 11:50 alfajiri. Anayehesabu kwa saa za ukutani atadhani amesafiri saa 6 tu. Akirudi, akiondoka London saa 4:30 asubuhi na kuruka saa 8 na nusu, atakuta Nairobi ni saa 4 usiku, naye atadhani amekaa hewani saa 11 na nusu. Hakuna saa iliyoibwa, wala hakuna iliyozawadiwa. Kanuni ni moja: hesabu safari yote kwa saa ya mji mmoja, ndipo uigeuze mwishoni.

Iko faida moja ya njia hii ambayo haisemwi sana. Kwa kuwa huelekea zaidi kaskazini na kusini, mwili haubabaishwi sana. Msafiri hufika London amechoka kwa kukosa usingizi, lakini njaa na usingizi wake vyafuata karibu saa zile zile za nyumbani. Aendaye New York, ambako saa ziko nyuma kwa 7 au 8, hukesha macho makavu usiku wa manane siku kadhaa.

USIKU WA JUMATATU NI UPI?

Liko kosa jingine, nalo lina gharama kubwa. Tikiti huandikwa kwa saa 24 za Kizungu, na siku yao huanza saa 6 usiku. Tikiti isemayo Jumatatu, 00:30, maana yake ni saa 6 na nusu ya usiku wa kuamkia Jumatatu. Mwenye tikiti hiyo hana budi kuwa uwanjani Jumapili jioni. Wako watu waliofunga mizigo yao Jumatatu, wakaagana na jamaa, wakafika uwanjani Jumatatu usiku kwa utulivu kabisa, wakaambiwa ndege yao ilitua London tangu asubuhi.

Wazee wa pwani wasingekosea hapo, maana kwa hesabu yao siku huanza jua likizama, na usiku wa Jumatatu hutangulia mchana wa Jumatatu. Lakini nao wana mtego wao. Tikiti isemayo Jumatatu, 23:50, kwao ni usiku wa Jumanne. Mzee akimwambia kijana, "Mchukue shangazi yako uwanjani usiku wa Jumanne," na kijana akahesabu kwa desturi ya mjini, shangazi atakaa juu ya sanduku lake siku nzima. Dawa ni kutaja siku mbili pamoja: "Jumatatu usiku, kuamkia Jumanne." Maneno manne, na hakuna wa kukosea.

Kosa hilo likifanywa na mwenda matembezi, hasara yake ni fedha. Likifanywa na mtu anayerudi kumzika mama yake, hasara yake haina malipo. Jeneza halingoji ndege ya pili siku zote.

ANGA LIKIFUNGWA

Yeyote adhaniaye kwamba saa 9 ni jambo la kudumu na akumbuke mwaka 2010. Mwezi wa Aprili mlima wa moto ulilipuka nchini Iceland, majivu yakatanda, na anga la sehemu kubwa ya Ulaya likafungwa kwa siku sita hivi. Maili za kwenda London zilikuwa zile zile 4,250, lakini kwa siku hizo mji ulikuwa mbali tena kama siku za meli. Walioumia hawakuwa wasafiri peke yao. Kandokando ya Ziwa Naivasha, pale pale zilipokuwa zikitua ndege za maji, yalimwa mashamba makubwa ya waridi. Ua likatwalo leo hutazamiwa kuwa sokoni Ulaya baada ya siku moja au mbili. Likikaa juma zima halina mnunuzi. Maua yalitupwa kwa tani, na vibarua wengi wakaambiwa wakae nyumbani mpaka anga lifunguliwe. Mama aliyelipwa kwa siku, asiyepata kuuona uwanja wa Heathrow maishani mwake, alijua wiki hiyo umbali wa London kuliko rubani.

Ikatokea tena kwa namna nyingine. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum, na anga la Sudan likafungwa. Ndege zilizozoea kukata juu ya nchi hiyo zikalazimika kuzunguka, zikala mafuta zaidi na saa zaidi. Mji uliokuwa kituo kikuu cha njia ya 1931, ambako abiria walipumzika kivulini kando ya Nile, haukupitika hata kwa juu.

Basi umbali wa mji hauko katika maili peke yake. Uko katika mafuta na pepo, katika amani ya nchi zilizo katikati, katika bei ya tikiti, na katika kusoma vema karatasi iliyo mkononi. Wahenga walisema: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Aliyeko London leo yu umbali wa usiku mmoja na nyumbani kwao, jambo ambalo babu yake hakulipata kwa dua wala kwa mali. Na auandike usiku huo katika karatasi kwa siku zake zote mbili, ampe aliye nyumbani, naye abaki na nakala.